Nifanyiwe upasuaji wa kidole gumba cha mguu, au nivumilie?

Daktari, habari za kazi. Nakuandikia wewe pamoja na wasomaji wenzangu waliopitia jambo hili, kwa sababu madaktari wawili wamenishauri mambo yanayopingana na tayari nimepewa tarehe ya upasuaji.

Nina umri wa miaka 44, ni msusi, na kazi yangu ni ya kusimama kutwa. Tatizo ni kidole gumba cha mguu wa kulia. Kimelala kuelekea wenzake, na pale kinapoungana na unyayo pametokeza nundu. Jioni nikivua kiatu, ngozi ya juu ya nundu huwa nyekundu, inang'aa, na hata soksi ikigusa nashtuka. Kidole cha pili kimekosa nafasi, kimekunjika na kuanza kupanda juu ya gumba, na pale kilipokunjika pameota sugu kwa kusuguana na kiatu. Mguu wa kushoto nao umeanza kutokeza nundu, ila hapo hapaumi.

Kila anayeuona mguu huu ananiambia ni mchuchumio ndio umenifikisha hapa. Maneno hayo yananiumiza. Mama yangu alikuwa na nundu hiyohiyo, bibi yangu pia, na bibi alitembea pekupeku sehemu kubwa ya maisha yake. Daktari wa kwanza, baada ya kunipiga eksirei nikiwa nimesimama, alinieleza kwamba viatu vya kubana huzidisha hali na maumivu, lakini umbo la mguu linaloleta haya mara nyingi hurithiwa. Nundu yenyewe si mfupa mpya ulioota. Ni kichwa cha mfupa mrefu wa unyayo, ambao umeegemea upande wa mguu wa pili huku kidole kikielekea kwa wenzake.

Nimehamia kwenye viatu vipana mbele, vyenye soli nene. Ninaweka kipande laini cha silikoni kati ya gumba na kidole cha pili, na kinanipa nafuu ya kweli, ila nikikitoa kidole kinarudi palepale. Nimeambiwa hata vile vifaa vya kufunga usiku havinyooshi kidole cha mtu mzima moja kwa moja.

Kwa kuukwepa mguu wa kulia nimekuwa nikiegemea wa kushoto, na sasa kisigino chake kinauma. Hatua za kwanza asubuhi ni kama nakanyaga msumari, nikitembea kidogo panalegea, nikikaa muda mrefu panarudi. Hili halinitishi sana. Nimeelezwa ni ule utando mgumu wa chini ya unyayo, na kwamba wengi hupona ndani ya mwaka bila kupasuliwa, kwa kunyoosha misuli ya nyuma ya mguu na kuuviringisha unyayo juu ya chupa yenye maji baridi. Ninafanya hivyo na ninaona mabadiliko.

Kinachoninyima usingizi ni uamuzi wa gumba. Daktari wa kwanza anasema upasuaji ni kwa ajili ya maumivu, si kwa ajili ya sura ya mguu, na maadamu natembea niendelee hivi. Wa pili anasema nisisubiri kiungo kilike: mfupa ukatwe, usogezwe, ushikwe kwa skrubu, na kidole cha pili kinyooshwe hapohapo. Amenipima kisukari, sina, na damu inafika vizuri miguuni. Hakunificha kwamba nitavaa kiatu maalumu cha soli ngumu kwa wiki 6 hivi, kwamba uvimbe unaweza kuchukua miezi, na kwamba wapo wanaobaki na kidole kigumu au nundu ikarudi. Nisiposimama sina kipato, na watoto wananitegemea mimi peke yangu.

Daktari, je, kusubiri mwaka mmoja au miwili kweli kunaharibu kiungo, au naweza kujipanga kwanza kifedha? Na ninyi mliopasuliwa na mnafanya kazi za kusimama, mlirudi kazini lini, na mguu unabeba siku nzima?

Lingine ni binti yangu. Ana miaka 13 na gumba lake limeanza kuelekea kwa wenzake. Haumwi, lakini ameanza kuificha miguu yake mbele za watu. Jirani ananisihi nimfunge kitambaa kila usiku. Nimesikia kwamba mtoto anayekua mara nyingi hapasuliwi mpaka mifupa ikomae, kwa sababu nundu hurudi kwa urahisi. Sitaki kumtesa kwa kumfunga bure, wala sitaki kukaa kimya hadi afike nilipofika mimi. Je, viatu vya nafasi vinamtosha kwa sasa, au kuna mazoezi au kifaa cha kumsaidia, na ni dalili gani zikitokea nimpeleke hospitali mara moja?

Nitashukuru sana nikipata jibu kabla ya tarehe niliyopewa.

Mama msusi