Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024: Mitini Yetu na Daftari la Aina

Ndugu wanachama,

Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tena, ingawa viti vilivyo wazi ni vingi kuliko vilivyokaliwa. Hilo nitalirudia.

Shughuli za kawaida mnazijua. Tulipogoa mwezi Julai kama desturi yetu hapa Arusha, tukagawana vipandikizi, tukashona mifuko ya neti ya kuzuia ndege aina ya kuzumburu na popo. Nanenane pale Njiro miche yote tuliyopeleka ilinunuliwa. Masika yalitutesa: tini zilipasuka na kuchacha zikiwa bado juu ya mti, na ugonjwa wa kutu ukapukutisha majani kwa wengi. Mapato ya mwaka ni Sh 870,000 (ada 570,000, miche 300,000), matumizi Sh 812,500, baki Sh 57,500. Mhazini ana mchanganuo.

Sasa niingie kwenye jambo lililoleta maneno, yaani daftari la aina, tunamoorodhesha aina za mitini walizo nazo wanachama.

Chama kilijivunia aina 52. Nilipochaguliwa nilikuwa na wasiwasi na hesabu hiyo, kwa sababu sehemu kubwa ya miti yetu ilitufikia kwa mkono: huyu kapewa kijiti na shemeji, yule kanunua mche usio na kibao, muuzaji kataja jina lililomjia. Mtu akiwa na Kadota na jirani yake ana Dottato, wanabadilishana vipandikizi kwa furaha, kila mmoja anahesabu kaongeza aina. Kumbe Kadota ni hiyohiyo Dottato ya Italia. Vivyo hivyo Calimyrna ni Sari Lop ya Uturuki iliyopelekwa California ikapewa jina jipya. Je, huko ni kukusanya mitini au kukusanya majina?

Januari 2023 nilichukua majina 20 yenye utata, nikapanda vipandikizi viwili vya kila jina kwenye ndoo 40 za lita 20, udongo wa aina moja, jua lilelile, maji yaleyale. Ndoo ziligharimu Sh 200,000 na risiti ipo. Imesemwa kwamba mwenyekiti amejipatia ndoo za chama. Ndoo ziko uani kwangu kwa sababu hakuna mwanachama mwingine aliyekubali kuzimwagilia. Nimezimwagilia mimi kwa miezi 20, kiangazi na masika, na vidole vyangu bado vina mabaka ya utomvu.

Sikuangalia majani peke yake, kama ilivyodaiwa kwenye kundi letu la WhatsApp. Kila mkulima wa mitini anajua tawi moja linaweza kutoa jani zima kama moyo na jani lenye vidole vitano. Mti wa kivulini una majani mapana kuliko ndugu yake wa juani, na tunda la baridi ya Julai halifanani rangi na la joto la Januari. Ndiyo maana nilisubiri misimu miwili na kulinganisha matunda yaliyoiva wiki moja: shingo ya tunda, jicho lake (kitundu cha kitakoni) limefunga au limeachama, ganda, rangi ya nyama ya ndani, ladha. Majina 20 yalibaki aina 7.

Brown Turkey ilikuja kinyume. Jina moja, lakini kwa wanachama wanne nilikuta miti mitatu tofauti kabisa. Hilo halikunishangaza, kwani hata ughaibuni mti unaouzwa California kwa jina hilo si ule wa Uingereza. Hapo tumeongeza mbili. Jumla sasa ni aina 41.

Wapo walioumia. Mzee wetu mwasisi ameshuka kutoka aina 31 hadi 22, na ninamheshimu kama baba. Lakini hata mimi nimeshuka kutoka 22 hadi 17, kwa hiyo anayesema nilipanga hesabu ili niongoze aangalie tena daftari.

Kuhusu Sari Lop, uamuzi ni kwamba inabaki daftarini lakini chama hakitauza wala kugawa miche yake. Wanachama wawili wanaoimiliki wanajua matunda yake huanguka kila mwaka yakiwa makubwa kama gololi. Si mbolea, wala si jicho la mtu. Tini za jamii ya Smyrna, ambamo Sari Lop imo, hazikomai bila chavua kuletwa na nyigu mdogo kutoka kwenye mtini dume. Wakulima wa California walilia na tatizo hilohilo hadi nyigu huyo alipofanikiwa kuzaliana kwao mwaka 1899. Imependekezwa tutegemee nyigu wa mikuyu iliyopo kando ya mto Themi. Nyigu wa mkuyu ni wa mkuyu, hana kazi kwenye mtini huu. Kumuuzia mtu mche ambao hatakula tunda lake ni kumdhulumu.

Inasemwa pia uamuzi haukuwa halali kwa kuwa tulikuwa wachache. Kikao cha tarehe 14 Septemba walifika watu 11 kati ya wanachama 46, akidi ni 16. Nilikiahirisha. Katiba yetu inasema kikao kilichoahirishwa kwa kukosa akidi kikirudiwa ndani ya siku 14, waliopo wanaamua. Tarehe 28 tulikuwa 9, tukaamua. Wanaolalamika leo nilimpigia kila mmoja simu, kwa vocha yangu.

Ada ni Sh 30,000 kwa mwaka. Wamelipa 19. Wengine 27 wanadaiwa jumla ya Sh 810,000, na kati yao wamo waliochukua vipandikizi Julai. Inaniuma kusimama hapa kuyasema haya kwa watu tunaozikana.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kupata kipande cha ardhi cha pamoja ili kila aina iwe na mti wake mmoja wa mama. Tunatamani pia kuomba kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu tulete aina mpya kwa njia halali, maana vijiti vya kwenye begi huja na ugonjwa wa virusi wa batobato. Fedha zikiruhusu.

Mwenye mashaka na jina lolote alete matunda mawili yaliyoiva na tawi lenye majani, nyumbani kwangu, Jumamosi yoyote saa 3 asubuhi. Tutayapasua pamoja mezani, na ndoo zote 40 zipo azione.

Mwenyekiti