Lazaro, kuhusu yule bibi wa Kolombia

Lazaro ndugu yangu,

Habari za Arusha, habari za watoto na shemeji? Mama mfikishie shikamoo yangu. Huku Houston tunamshukuru Mungu, joto tu ndilo linalotutesa. Najua nimekuwa kimya tangu msiba wa Mzee Kaaya, na Shija amekwisha kunisema vya kutosha. Leo naandika kwa sababu ya ile voisi yako ya Jumapili, uliponisimulia ulivyomkalimania hospitali yule mgeni wako wa Kolombia. Nilianza kukujibu kwa sauti nikaona maneno yanakuwa mengi, na haya ni ya kusoma ukiwa umetulia nyumbani, si ya kusikiliza ukiwa kwenye foleni ya geti la Ngorongoro.

Kwanza hongera. Mgeni akiugua porini, na ndani ya gari ni wewe peke yako unayejua Kispania, huwezi kukaa pembeni. Umemfikisha bibi wa watu hospitali, umesimama kati yake na daktari mpaka usiku mkubwa, familia yake imekushukuru. Sifa hiyo ni yako na sikupunguzii hata kidogo.

Ila kuna jambo ulilisema huku unacheka: "Bibi alikuwa anazunguka sana, mimi nikawa nampa daktari kile anachomaanisha." Lazaro, ulijuaje anachomaanisha?

Chukua lile la "me da pena". Umenieleza mwenyewe: daktari kijana anataka kumpima tumbo, bibi anaishika blauzi yake, anasema "me da pena, doctor". Daktari akasikia kitu kama "pain", akauliza maumivu yako wapi. Wewe ukamsahihisha, ukasema hapana, bibi amehuzunika. Kwa mgeni wa kutoka Madrid ungekuwa umepatia, maana Hispania maneno hayo ni ya huzuni au ya kumwonea mtu huruma. Lakini kwa Wakolombia, Wameksiko na watu wengi wa Amerika ya Kati, "pena" ni haya. Mkolombia akitaka kukuomba radhi kwa usumbufu anakwambia "qué pena con usted", na hapo hakuna anayelia. Bibi alikuwa anasema anaona aibu. Alikuwa anaomba, kwa adabu ya mtu wa umri wake, asifunuliwe tumbo mbele ya vijana wawili wa kiume, mmoja wao wewe. Alichohitaji ni nesi wa kike na pazia. Badala yake daktari akaanza kumbembeleza asihuzunike! Ndiyo maana akazidi kujikunja, na wewe ukaona anazunguka.

Mungu ni mwema, lilikuwa tumbo la kuharibika na amepona. Lakini kuna habari moja ambayo wakalimani wa hospitali huku tunafundishwa mapema kabisa, nayo sijawahi kukusimulia. Wagonjwa wangu mimi siwezi kukuhadithia hata mmoja, siri zao si zangu kuzitoa. Hii ya Willie Ramirez inajulikana na imeandikwa sana.

Ilikuwa Januari 1980, Florida kusini. Willie ana miaka 18, kijana wa michezo, familia yake ni Wakuba. Jioni kichwa kikaanza kumuuma vibaya, baadaye akaanguka, akafikishwa hospitali hajitambui. Siku hiyo alikuwa amekula hambaga, na watu wake wakadhani chakula ndicho kilichomdhuru. Wakamwambia daktari wa dharura neno moja: "intoxicado".

Unamkumbuka mwalimu wetu wa Kuba, siku aliyoshindwa kuja darasani kwa sababu ya samaki wa sokoni? Alisema amekuwa "intoxicada", na sisi wote tukaelewa kwamba amekula kitu kikamkataa. Ndivyo Wakuba wanavyosema: umekula au umekunywa kitu na mwili umekikataa. Daktari yeye akasikia "intoxicated", na kwa Kiingereza hiyo ni pombe au dawa za kulevya. Willie akatibiwa kama mtu aliyezidisha dawa za kulevya, kumbe damu inamvuja ndani ya fuvu la kichwa. Zilipita zaidi ya siku mbili ndipo wakagundua, na wakati huo uharibifu umekwisha kufanyika. Amebaki amepooza mikono na miguu. Kesi ikamalizwa kwa makubaliano ya fidia inayofikia kama dola milioni 71 kwa hesabu ya maisha yake yote. Kila mtu huku anaitaja ile pesa. Mimi siifikirii sana.

Ninachokifikiria ni kwamba mkalimani hakuitwa, kwa sababu kila upande uliamini umeelewana. Familia inajua Kiingereza kidogo, daktari anasikia neno linalofanana na la kwao, kazi imeisha. Hakuna aliyedanganya wala aliyekataa kusikiliza. Na watu wake wale, kama wangesikia yametajwa madawa ya kulevya waziwazi, wangekataa palepale kwa nguvu zote, kwa sababu kijana wao hakuwa mtu wa mambo hayo. Lakini dhana ile ilibaki kichwani mwa daktari, haikutoka mdomoni ikakanushwa. Swali dogo tu lingeitoa: mnaposema hivyo, mnadhani amepata nini?

Usifikiri ni Kispania tu kinachoficha mambo. Upande wa Kiingereza mimi naona ndio mbaya zaidi, hasa cha madaktari wa Marekani. Daktari anamwambia mzee mwenye presha, "you might want to consider cutting back on salt". Ukiyahamisha maneno yale kama yalivyo kwenda Kispania, mzee anasikia kwamba akipenda anaweza kufikiria habari ya chumvi. Akirudi nyumbani hafikirii. Kumbe daktari alikuwa anaamrisha, ila Kiingereza chake kimeivalisha amri nguo ya ombi. Halafu lipo hili linaloniumiza moyo kila ninapolisikia: "we'll keep her comfortable". Daktari akishafika hapo, mara nyingi maana yake ni kwamba matibabu ya kuponya yamefika mwisho, mama anakwenda. Watoto wake wakipewa Kispania cha neno kwa neno wanasikia kwamba mama atalala vizuri leo. Wanatabasamu. Wanamshukuru daktari. Mmoja anatoka kwenda kazini.

Mimi hapo nafanyaje? Hapa ndipo ninapotaka unielewe, Lazaro. Siwaambii "mama yenu anakufa". Daktari hajasema hivyo, na huenda hakumaanisha hivyo. Wala sinyamazi. Nasema waziwazi, kwa lugha zote mbili ili pasiwe na anayedhani nimegeuka upande: mkalimani anaomba daktari afafanue, je, ana maana kwamba matibabu yanalenga kupunguza maumivu tu? Tunajiita "mkalimani", kama mtu wa tatu, maana muda wote mwingine "mimi" ni mgonjwa au ni daktari. Akisema "ninaumwa" nasema "ninaumwa", sisemi "anasema anaumwa". Basi daktari anaulizwa, na mara nyingi anavuta kiti, anakaa, anaanza upya kwa maneno mengine. Kilichofichwa kinatolewa na mwenyewe aliyekificha. Kazi yangu ni kuona kwamba kipo na kuuliza.

Wewe ulimtolea bibi kilichofichwa kabla ya kumuuliza. Ungesema tu, bibi ametumia neno ambalo linaweza kuwa huzuni au aibu, naomba nimuulize. Nusu dakika.

Najua utaniambia kwenye gari mambo si hivyo, na ni kweli. Kwenye gari kazi yako ni furaha ya watu. Wale Wameksiko wa Tarangire waliokuambia "ahorita", yaani sasa hivi, ukawasha kruza, ukakaa inaunguruma na wao wako bado kwenye kahawa, bado nikikumbuka nacheka mwenyewe. "Ahorita" yao ni kama "nakuja" yetu, mtu anakwambia nakuja huku anaondoka. Pale hasara ni dizeli. Na ukitafsiri brosha ya kampuni, fuata maana, acha neno lenyewe lipotee kama halisaidii. Lakini mlango wa hospitali, polisi au mahakama ukishauvuka, hesabu inabadilika.

Ngoja nikupe mfano wa mpira, maana najua mpaka hapa umeanza kupiga miayo. Unakumbuka Novemba 2020, United wanatoka nyuma wanawafunga Southampton 3-2, Cavani anatokea benchi anapachika mawili? Tuliupigia kelele mchezo ule mpaka Shija akazima simu. Baada ya mechi rafiki yake akampongeza Instagram, naye akajibu "gracias negrito", neno kwa neno "asante, kajamaa keusi". Chama cha soka cha Uingereza kikamfungia mechi 3 na kumtoza pauni 100,000. Akademi ya lugha ya Uruguay ikapinga hadharani, ikasema kwao hilo ni neno la mapenzi, mtu anamwita hivyo rafiki au mpenzi wake hata kama si mweusi. Na Uruguay ni kweli wanasema hivyo, kama wanavyoitana "gordo" mtu ambaye hajanenepa.

Sasa lirudishe nyuma hadi Oktoba 2011, Anfield, Suárez wa Liverpool na Evra wa United, ambaye ni mweusi. Mruguay mwingine, na neno ni lilelile bila kile kijimkia cha kudekeza. Safari ile walikuwa wanagombana. Suárez alijitetea kwamba kwao ni neno la kawaida. Jopo la chama kilekile cha soka likaita wataalamu wa Kispania cha Amerika ya Kusini, nao wakasema jambo ambalo mimi nalipenda sana kwa usawa wake: ndiyo, neno hilo linaweza kuwa la kirafiki, lakini likisemwa katika ugomvi jinsi Evra alivyoeleza, hata Uruguay kwenyewe lingekuwa tusi. Akafungiwa mechi 8, na faini ya pauni 40,000.

Mimi naona kwa Suárez walitenda haki na kwa Cavani hawakutenda. Wewe ni Liverpool, utabisha, bisha tu. Lakini angalia njia waliyopita: mara ya kwanza waliuliza nani anamwambia nani, na kwa hali gani. Mara ya pili wakaangalia zaidi jinsi neno linavyosomeka kwa msomaji wa Kiingereza. Na hata hivyo sisemi msomaji huyo alikuwa hana lake. Mimi ni mweusi ninayeishi Texas, mtu nisiyemjua akiniita hivyo sitafurahi. Ungenipa ule ujumbe wa Cavani niufasiri kwa gazeti ningeandika asante ndugu yangu. Ungeniita mbele ya jopo, ningelitaja neno lenyewe kama lilivyo na kuomba ruhusa ya kueleza linavyotumika. Haya mambo mawili yanagombana kichwani mwangu mpaka leo na sijayapatanisha.

Nirudi kwa Ramirez, maana sijammaliza. Mtu akisikia habari yake anasema daktari hakujua Kispania. Mimi nasema hatari ilikuwa kwamba alidhani anajua. Neno geni kabisa lingemsimamisha, angetafuta msaada. Lile lilikuwa na sura ya nyumbani. Kwa hiyo, nakuomba sana, maneno yanayofanana ndiyo uyaogope. Na maneno ya mwili hubadilika nchi kwa nchi ndani ya Kispania chenyewe: "fatiga" kwa mgonjwa wa Puerto Rico inaweza kuwa pumu au kukosa pumzi, kwa mtu wa Andalucía inaweza kuwa kichefuchefu, na wewe na mimi tulifundishwa ni uchovu. Hata kwenye dawa: ikiachwa "once" ya Kiingereza kwenye lebo ya Kispania, mara moja kwa siku inasomeka kumi na moja. Nikiiona lebo ya namna hiyo mwili unasisimka.

Huku nako hatuko salama. Machi 2025 Rais alitia saini amri ya kukifanya Kiingereza lugha rasmi, ikafuta ile amri ya mwaka 2000 iliyoziagiza ofisi za serikali kuu zihudumie watu wasiojua Kiingereza. Sheria ya afya ya 2010 bado inazibana hospitali, lakini wenzangu kazini wana hofu, na mimi pia ninayo. Wakipunguza wakalimani, watoto ndio watakaoanza kuwatafsiria mama zao, mtoto wa darasa la tano anaambiwa amweleze mama habari ya uvimbe. Basi, nisiendelee, nitakesha.

Ombi langu ni hili. Zungumza na bosi wako kabla msimu haujachanganya, kampuni iwe na huduma ya mkalimani wa simu kwa dharura, kama zile za bima za wageni wengi. Akikataa, nipigie mimi, hata kama huku ni saa tisa za usiku. Sikutanii.

Sasa niambie. Bibi amesharudi kwao? Una namba ya binti yake, na unaweza kumuuliza kwa upole mama aliondoka na dukuduku gani? Yule daktari alimwandikia dawa gani, na maelezo ya dawa alimpa nani kwa Kispania, wewe? Uliyaandika au ulisema tu kwa mdomo? Nesi wa kike alikuwepo zamu ile? Na Mama Nuru amekubali kukupa wale wageni wa Argentina wa Julai, au bado ananuna kwa ile habari ya mahema? Shija kweli anaoa, au ni maneno ya kijiweni? Nijibu kwa maandishi tafadhali, nikiwa zamu simu inakaa kwenye kabati na voisi zako zinanifikia zimeshapoa.

Ndugu yako,
Gidi