Kiungulia cha mwanamume si cha mwanamke

Ndugu Mhariri,

Makala za afya kuhusu kiungulia, yaani asidi ya tumbo kupanda kwenye umio (mrija wa chakula kutoka kooni hadi tumboni), humpa kila msomaji orodha ile ile: punguza kahawa, acha pilipili, usilale umeshiba. Orodha hiyo haina ubaya, lakini inawaweka wanaume na wanawake kapu moja, na wote wawili wanaumia kwa hilo.

Mwisho wa umio kuna msuli wa mviringo unaofunguka chakula kipite, kisha unajibana. Ukilegea, au tumbo likikandamizwa, asidi hurudi juu. Kinacholegeza msuli huo na kinachokandamiza tumbo ndicho kinachotofautiana.

Kwa mwanamume, mshukiwa wa kwanza ni kitambi. Mafuta ya mwanamume huelekea kujaa ndani ya tumbo, katikati ya viungo, wakati ya mwanamke, hasa kabla ya kukoma hedhi, hukaa zaidi kwenye nyonga na mapaja. Kwa hiyo mizani peke yake haitoshi. Chukua futi ya fundi cherehani, ipitishe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, toa pumzi kama kawaida, usome. Zaidi ya sentimita 102 kwa mwanamume, au 88 kwa mwanamke, ni kiuno cha hatari. Mwenye kitambi akiongeza sigara, mambo huharibika zaidi: moshi hulegeza msuli ule na kupunguza mate ambayo kazi yake mojawapo ni kusafisha asidi iliyopanda.

Wanaume ndio wanaoongoza kwa michubuko ya umio na kwa saratani ya sehemu yake ya chini inayotokana na asidi. Inaelekea homoni ya estrojeni huulinda ukuta wa umio wa mwanamke, na ulinzi huo hupungua hedhi inapokoma.

Lakini homoni za mwanamke zina upande wa pili. Wakati wa ujauzito homoni ya projesteroni hulegeza msuli ule, na mtoto anapokua mji wa mimba husukuma tumbo juu. Mjamzito ale kidogo kidogo na ainue kichwa cha kitanda sentimita 15 hadi 20 kwa kuweka matofali chini ya miguu ya kitanda upande huo. Mito mingi humkunja kiuno tu na kuzidisha mkandamizo. Akinywa dawa ya kutuliza asidi, aitenganishe na vidonge vya madini ya chuma kwa saa mbili, la sivyo madini hayafyonzwi vizuri.

Utafiti mkubwa wa Norway uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa uhusiano wa unene na ugonjwa huu ni mkubwa zaidi kwa wanawake, hasa ambao hawajakoma hedhi, na wale waliokoma wanaotumia tiba ya estrojeni. Anayepewa homoni za kukoma hedhi kisha akaanza kuungulia amweleze daktari wake. Vivyo hivyo anayemeza alendronate, dawa ya kuimarisha mifupa: kidonge kikikwama kinaweza kusababisha kidonda kwenye umio. Kimezwe asubuhi kabla ya kula, kwa glasi nzima ya maji, na mtu asile wala asilale kwa angalau dakika 30.

Kinachotusikitisha zaidi ni mwanamke anayepimwa kwa kamera inayoingizwa kupitia kooni, umio ukaonekana safi, akaambiwa ana wasiwasi tu. Zaidi ya nusu ya wenye kiungulia hawana michubuko, na wanawake ni wengi katika kundi hilo. Dalili zikiendelea, kuna kipimo cha asidi cha saa 24 kwenye umio. Kabla ya hapo, aulizwe alivyokuwa akimeza omeprazole, dawa ya kupunguza asidi: hufaa inapomezwa nusu saa kabla ya mlo, si baada ya kushiba.

Mwanamume aliyezidi miaka 50, mwenye kiungulia cha miaka mitano au zaidi, kitambi na historia ya sigara, aombe kipimo cha kamera hata kama dawa inamtuliza, kwa sababu dawa hunyamazisha maumivu bila kuonyesha umio umefikia wapi. Awe mwanamume au mwanamke, chakula kikikwama, uzito ukipungua bila sababu, akitapika damu au akipata choo cheusi kama lami, asisubiri. Na maumivu ya kifua yanayokuja na jasho, kukosa pumzi au uchovu wa ghafla si ya kutibiwa kama kiungulia. Kwa wanawake moyo mara nyingi hulalamika kwa kichefuchefu na uchovu, hivyo waende hospitali saa ile ile.

Madaktari wa magonjwa ya tumbo