Hukumu za bahari yetu tuzisome kwa Kiswahili

Mhariri,

Baba yangu ni mvuvi, kwetu ni Langoni, Lamu. Mimi nimemaliza mwaka wa kwanza kati ya minne ya shahada ya sheria Nairobi, na likizo iliyofuata nilibahatika kupata ufadhili wa kusoma wiki sita The Hague, Uholanzi. Nakuandikia kwa sababu ya simu niliyompigia baba nikiwa huko.

Mwaka wa kwanza darasani tulisoma kesi ya Bi Donoghue, aliyekunywa kinywaji cha tangawizi mjini Paisley, Uskoti, kisha mabaki ya konokono yakamiminika kutoka kwenye chupa. Mwaka 1932 majaji wa London waliamua kwamba mtengenezaji ana wajibu kwa mnywaji hata kama hawakuuziana chochote. Naipenda kesi ile. Lakini Desemba niliporudi nyumbani, mzee mmoja jirani yetu alinijia na bahasha ya karatasi, akaniambia, “Mwanangu, wewe ndiwe wakili wetu sasa, hebu nisomee.” Ilikuwa hukumu ya Mahakama Kuu ya Malindi ya Aprili 30, 2018, kesi ya ujenzi wa bandari ya Lamu, iliyoamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni.

Kiasi cha pesa alikijua, kila mtu Lamu anakijua. Alichotaka ni kusikia mahakama ilisema walikosewa vipi. Tulikaa barazani tangu alasiri hadi adhana ya magharibi, namfasiria sentensi moja moja: kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, kwamba hawakupewa habari za mradi, kwamba haki yao ya mazingira safi na ya utamaduni wao ilivunjwa. Mara nyingi nilikwama. Mzee yule alikuwa na haki ya kuyasoma maneno hayo mwenyewe, kwa miwani yake mwenyewe, bila kunisubiri mimi nifunge chuo.

Uholanzi nilifika wakati wa joto, jua linazama saa nne za usiku na isha naisali karibu na saa sita. Siku ya tatu tulipelekwa kwenye Kasri la Amani, jengo lililofunguliwa mwaka 1913, ambamo Mahakama ya Kimataifa ya Haki inakaa. Kesho yake mhadhiri akatundika ramani ya kesi ya Somalia na Kenya juu ya mpaka wa bahari, iliyoamuliwa Oktoba 12, 2021. Mstari ulianzia pwani ya juu ya Kiunga, huko huko baba anakokwenda kuvua kamba tangu sijazaliwa. Wenzangu kutoka nchi nyingine waliijadili ramani ile kwa ufasaha, kwa Kiingereza na kwa Kifaransa, ambazo ndizo lugha rasmi za mahakama hiyo. Mimi sikufungua kinywa. Niliona aibu kwamba nilisafiri hadi Ulaya ndipo nikaijua habari ya bahari ya nyumbani.

Jioni nikampigia baba. Upepo wa kusi ulikuwa umeichafua bahari, yuko nyumbani anashona nyavu. Nikamwuliza anajua nini juu ya hukumu ile.

“Twasikia mpaka umesogea. Umesogea wapi, hakuna aliyetwambia.”

Nikaanza kumweleza kama mhadhiri alivyotueleza, nikaona simfikishi popote. Nikaanza upya. Baba, toka nchi kavu hadi maili 12 ni mstari wa kati, umbali sawa na pwani yao na pwani yetu. Ukishapita hapo shika dira, nyuzi 114, unyooke nayo.

Alinyamaza kidogo. “Mia na kumi na nne. Basi ni mashariki inayolalia kusini. Na serikali yetu ilitaka wapi?”

Mashariki sawasawa, nikamwambia. Nyuzi 90. Mahakama ikasema Kenya haikuthibitisha kwamba Somalia iliwahi kuukubali mpaka huo. Kenya nayo ikaikataa hukumu.

“Nimeelewa,” akasema. “Mbona ni jambo la kuelezeka, mwanangu? Miaka yote hii!”

Mhariri, baba hakumaliza shule ya msingi. Hukumu ya majaji wa dunia aliielewa kwa dakika mbili, kwa sababu imehusu dira na bahari, na hivyo anavijua kuliko mimi na mhadhiri wangu.

Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa mkalimani bila malipo asipoelewa lugha ya kesi. Naiomba Idara ya Mahakama iongeze hatua moja: kila hukumu inayogusa jamii nzima, kama ile ya Malindi, itoke pamoja na muhtasari wa Kiswahili wa kurasa tatu au nne. Mahakama ya The Hague hutoa muhtasari wa hukumu zake. Wetu uwe kwa lugha ya wenye kesi. Nimeambiwa chuoni kwamba Kiswahili hakina maneno ya sheria. Aliyesema hivyo na aje akae siku moja katika mahakama ya kadhi hapa Lamu, asikilize mirathi, wasia, ndoa na talaka zikijadiliwa na kuamuliwa.

Nawe Mhariri nakuomba nafasi katika gazeti lako, hata robo ukurasa kwa wiki, ya kueleza hukumu moja. Nimeanza na hii ya mpaka wa bahari, nami nitaileta kwa kamati ya BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, kwanza isomwe na wavuvi kabla ya kukutumia. Imenishinda sehemu moja tu: ile sakafu ya nchi kavu inayoendelea chini ya maji mbali na pwani, kabla bahari haijazama kwenye kina kirefu. Nahodha au mvuvi yeyote wa Kizingitini, Faza, Kiunga au Malindi anayejua wazee waliiitaje, tafadhali aandike kwa gazeti hili.

Mwanafunzi wa sheria,
Langoni, Lamu