Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira: sumaku zisiyeyushwe pamoja na chuma chakavu

Mheshimiwa Waziri,

Hapa Kariobangi mikokoteni hupita kila jioni na mota za pikipiki za umeme zilizoungua na diski za kompyuta zilizokufa, ikielekea kwenye mizani ya wanunuzi wa chuma chakavu. Huko zinanunuliwa kwa kilo kama chuma chochote, ilhali ndani yake mna sumaku zenye madini ya thamani. Nakuomba uikomeshe hasara hii.

Diski ukiifungua utakuta sumaku mbili nyembamba zilizopinda kama mwezi mchanga, zimepakwa nikeli na kugandishwa kwenye bamba la chuma. Kidole kikinaswa katikati yake, utalia. Hiyo ni aloi, yaani mchanganyiko ulioyeyushwa pamoja, ya neodimiamu (mojawapo ya madini adimu), chuma na boroni, waliyoigundua Masato Sagawa nchini Japani na John Croat nchini Marekani, kila mmoja kivyake, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Sumaku iliyoitangulia, ya samariamu na kobalti, hustahimili joto zaidi lakini ni ghali. Katika hii, sehemu kubwa ya uzito ni chuma cha kawaida. Neodimiamu hukaribia theluthi moja, na mali iko hapo. Mota zinazopata joto kali huongezewa disprosiamu, ambayo ni adimu zaidi, ili sumaku isipoteze nguvu.

Sumaku hizo zikitupwa kwenye tanuru la chuma, neodimiamu huungana na oksijeni na kumwagwa pamoja na taka za tanuru. Imepotea.

Habari za kilima cha Mrima kule Kwale, wenye madini adimu na msitu ambao Wadigo wanauenzi, tunazisikia kila mara. Mjadala huo uendelee. Lakini madini haya yaliyomo kwenye chakavu cha Nairobi yameshachimbwa, yameshasafishwa, na tumeshayalipia kwa fedha za kigeni! Aprili 2025 China ilipodai vibali kwa sumaku zenye disprosiamu na samariamu zinazouzwa nje, viwanda vya magari vya ng'ambo vilihangaika.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inambebesha mzalishaji wajibu wa bidhaa yake ikichakaa. Itumie. Anayeingiza pikipiki za umeme aandike kwenye mota aina ya sumaku iliyomo, na aipokee ikifa. Mwenye mizani asiuzie kiwanda mota wala diski kabla sumaku hazijatolewa, na anayesukuma mkokoteni alipwe bei ya sumaku hizo. Vijana waonywe wasizisage, kwani unga wake hushika moto upesi.

Diski hufunguliwa kwa bisibisi. Mota zinahitaji tanuri la kulegeza gundi inayoshika sumaku, na mafundi wa hapa hatuna uwezo wa kulinunua. Tunaomba wizara ituwekee moja la pamoja.

Wako,
Fundi wa mota, Kariobangi