Vifuko vyeupe kwenye matawi

Kasulu, Kigoma
14 Januari

Mpendwa ndugu yangu Ezekieli,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi hatujambo, mvua inanyesha vizuri na mahindi yamefika magotini. Barua yako nimeipata, na jambo moja ndani yake limenikosesha raha: kwamba viwavi wameingia kwenye misonobari yenu huko Mufindi, na kwamba vibarua wanaponda kila kifuko cheupe wanachokikuta matawini wakidhani ni mayai ya viwavi hao. Nakuomba uwazuie kwanza, hata kwa siku chache.

Nasema hivyo kwa kuwa kosa hilo nimelifanya mwenyewe. Mwaka jana nilikuta kwenye jani la hindi kiwavi aliyepooza, hali wala hatembei, na ubavuni pake vifuko vidogo vyeupe kama punje za mchele, vimeshikana kwa nyuzi laini mfano wa pamba. Nikavisaga kwa kidole gumba. Msimu huu nilipoviona tena nilikata jani zima, nikalitia kwenye chupa na kuifunga mdomo kwa kipande cha khanga. Baada ya siku chache walitoka nyigu weusi, wembamba, wadogo kuliko sisimizi. Kumbe nilikuwa nimewaua waliokuwa wakinilindia shamba.

Tangu hapo nimesoma kila nilichokipata, na aliyenishangaza zaidi ni nyigu wa misitu ya Kanada na kaskazini-mashariki mwa Marekani aitwaye Apanteles fumiferanae. Windo lake ni kiwavi wa nondo Choristoneura fumiferana, ambaye hula machipukizi ya miti ya jamii ya misonobari, na ambaye katika mlipuko wa miaka ya 1970 alienea kwenye zaidi ya hekta milioni 50. Mwishoni mwa kiangazi, kiwavi akiwa bado mchanga kabisa, nyigu jike humchoma na kumwachia yai moja, pamoja na virusi vinavyodhoofisha kinga yake ili yai lisishambuliwe. Kiwavi hujifumia kibanda cha hariri na kulala humo majira yote ya theluji, naye buu wa nyigu amelala ndani ya mwili wake. Machipukizi yanapofunguka, wote wawili huamka: kiwavi hula mti, buu humla kiwavi taratibu bila kumuua mapema, hadi siku anapotoboa ngozi, akatoka na kufuma kifuko chake cheupe papo hapo.

Tazama basi yaliyotokea watu walipokosa subira. Mwaka 1952 jimbo la New Brunswick huko Kanada lilianza kunyunyizia misitu yake DDT, sumu ya kuua wadudu, kwa ndege ili kuwaangamiza viwavi hao, na mwaka 1954 makinda ya samaki aina ya salmoni yakafa kwa wingi katika mto Miramichi wa jimbo hilo. Wewe uliyekulia huku ukila migebuka huhitaji nikueleze maana ya maji kukosa makinda. Viwavi wenyewe waliendelea kurudi.

Sidai kwamba nyigu huyo huzima mlipuko peke yake. Kazi yake huonekana zaidi viwavi wakiwa wachache; wakishafurika, humzidi nguvu. Ndiyo maana naona hasara kubwa kuponda vifuko sasa, wakati unasema viwavi wenu bado wako kwenye mistari ya pembeni tu.

Kata matawi machache yenye vifuko, uyatie kwenye chupa ya kioo, ufunge kwa kitambaa kinachopitisha hewa na kuiweka kivulini. Wakitoka nyigu, waite vibarua waone kwa macho yao. Wakitoka viwavi au nondo, basi mimi ndiye niliyekosea, nao waendelee na kazi yao. Vyovyote itakavyokuwa, niandikie vifuko hivyo vilikuwa na nini ndani.

Nisalimie mama watoto.

Ndugu yako,
Hamisi