YAH: PESA AMBAZO MASHINE HAIKUTOA, NA SALIO LANGU KUSOMWA MBELE YA FOLENI

Kwa Meneja wa Tawi
Nakala: Idara ya Malalamiko, Makao Makuu

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Habari za muamala mnazo, na namba ya kumbukumbu ya lalamiko mlinipa wenyewe, kwa hiyo sianzi upya. Mashine ilinguruma, ikahesabu, kimlango cha noti hakikufunguka, kadi ikarudi. Kabla sijaitia kwenye pochi, simu ikalia: umetoa pesa. Sikutoa. Risiti ninayo na imeandika muamala haujakamilika. Kati ya risiti hiyo na ujumbe wenu kimoja kinasema uongo, na mpaka leo hakuna aliyejisumbua kutafuta ni kipi.

Naandika kwa heshima. Mahali heshima itakapopungua mtanivumilia, kama mimi nilivyowavumilia.

Mnasema mashine si yenu, niende kwa benki yenye mashine. Nimekwenda. Wamenijibu, tena kwa upole kuliko nyinyi, kwamba mwenye kadi hushughulikiwa na benki iliyompa kadi. Hilo mnalijua kuliko mimi. Akaunti iko kwenu, waliopunguza salio ni nyinyi, na mwenye uwezo wa kufungua madai kupitia mtandao wa kadi ni nyinyi, si mimi wala mlinzi anayekaa pale kwenye mashine. Mkiyafungua, ni wale wenye mashine watakaotakiwa kuleta kumbukumbu yake: iliagizwa kutoa noti ngapi, zilitoka ngapi, ngapi ziliishia kwenye kisanduku cha ndani cha noti zilizokataliwa, na siku walipoifungua kuhesabu walikuta ziada au hawakukuta. Nimefunga hesabu za duka miaka mingi. Pesa isiyotoka haiyeyuki, kuna mahali itakuwa imezidi. Kazi yenu ilikuwa kuuliza tu.

Huduma kwa wateja nao, kila nikipiga: "Subiri, itajirudi yenyewe." Najua hurudi. Mashine ikishindwa kutoa noti, inapaswa kutuma ujumbe wa kubatilisha muamala na salio likarekebishwa bila mtu kugusa kitu. Ujumbe huo usipofika ndipo mtu anapotakiwa kuinuka kitini. Hakuna aliyeinuka.

Hayo yote ningeyabeba. Kilichonikalisha chini kuandika barua ni dirishani.

Nilipanga foleni kama wengine. Zamu yangu ilipofika nikaeleza kwa sauti ya chini, maana mambo ya pesa hayasemwi kwa kelele. Kijana wa dirishani akaangalia kioo chake cha kompyuta, akasoma salio langu lote, tarakimu baada ya tarakimu, kwa sauti ya mnadani. Kisha akasema: "Mama, namba ya siri imekubali. Maana yake umetoa mwenyewe. Waulize wa nyumbani kwako." Nyuma yangu watu wakacheka.

Namba ya siri kukubali ni kitu kimoja, noti kutoka ni kitu kingine. Namba inathibitisha aliyeiingiza anaijua. Haithibitishi kwamba mashine ilitoa hata noti moja. Kama mfanyakazi wa benki halijui hilo, mfundisheni. Kama analijua, basi alinitukana kwa makusudi.

Halafu kuna ada. Muamala ambao haukunipa kitu mmenikata na ada ya kutoa pesa. Ikafika siku ya kodi ya nyumba, yale malipo niliyowaagiza mlipe kila mwezi yakagoma kwa sababu salio halikutosha, mkanikata tena faini ya salio kutotosha. Salio lilipungua kwa ajili ya nani? Mwenye nyumba alinipigia simu ambayo sitaki kuisimulia hapa.

Narudi dirishani, maana hamjanielewa bado. Nilipoona anavuta pumzi aanze kusoma, nilimwambia, "Mwanangu, tafadhali punguza sauti." Akanijibu bila kunitazama: "Nasoma kilichoandikwa." Akasoma. Hakuwa ameniuliza kitambulisho wala hakuitazama kadi, alitumia namba ya akaunti niliyomwandikia kwenye karatasi. Maana yake yeyote mwenye namba yangu angesimama pale akasomewa. Msimamizi wake alikuwa pembeni anabana karatasi kwa stepla. Aliinua macho aliposikia "waulize wa nyumbani kwako", akaniona, akarudi kwenye stepla yake. Hapo bado sijaenda hata kwa wenye mashine, sijaandika fomu yoyote, ndiyo kwanza naripoti. Mzee mmoja kwenye foleni alisema pole. Mgeni kanipa pole, benki yangu imenipa kicheko. Nikakusanya karatasi zangu nikatoka, na wa nyumbani kwangu sikuwauliza kitu, kwa sababu kadi haijawahi kutoka mkononi mwangu.

Siri za mteja mnazijua. Zimo kwenye fomu niliyotia sahihi siku ya kufungua akaunti, na zimo kwenye lile bango lenu zuri la ukutani, juu kidogo ya kichwa cha yule kijana.

Sasa sikilizeni, muda unakwisha. Kadi yangu ni ya Visa, na kwa pesa ambazo mashine haikutoa, benki ina siku 120 za kufungua madai tangu muamala uchakatwe. Nyingi kati ya siku hizo zimelala mezani kwenu mkinizungusha. Zikiisha mtaniambia "muda umepita, mama". Nasema mapema kwamba hilo silikubali, na tarehe ya lalamiko langu la kwanza ninayo kwa maandishi.

Mwanzoni nilitaka pesa zangu tu, na mngenirudishia siku ileile tusingefika hapa. Leo nataka pesa zangu, ada mliyokata, na faini ya salio. Nataka madai yafunguliwe wiki hii na nipewe nakala yenye tarehe. Mtakapokuwa mnachunguza, salio langu lirudishwe kwa muda, maana sioni kwa nini mimi niwe wa kukopesha benki. Nataka msamaha kwa maandishi, wa kijana na wa msimamizi wake pia, kwa sababu aliyenyamaza alikuwa na cheo. Na picha za kamera za pale dirishani zisifutwe. Msije mkaniambia zimejifuta zenyewe.

Haya yasipofanyika, barua hii pamoja na risiti inakwenda Benki Kuu, na suala la salio langu kutangazwa litakwenda kwa wakili peke yake, lisichanganywe na la mashine. Hapo sitadai ada na faini, nitadai fidia. Tena mimi ni mweka hazina wa kikundi, na akaunti ya kikundi iko kwenu. Wanachama wameshaisoma barua hii kabla yenu, na wanaotia sahihi pamoja nami wamesema wako tayari siku yoyote.

Majibu nayataka kwa maandishi, yakiwa na jina na sahihi ya mtu. Ule ujumbe wa simu wa "Ndugu mteja, tunalifanyia kazi" msinitumie tena.

Mteja wenu, kwa sasa.